Picha Ile Isitiwe Tabasamu

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupaza sauti, na wewe Bosi laza hiyo simu kifudifudi, wateja wako wa fotokopi hawatakufa wakikukosa kidogo, anayekufa hapa ni mmoja tu na anajulikana. Madam, kaa hapo penye mwanga. Kitinda mimba wangu, wewe kaa popote, umeshazoea, tangu upate digrii yako kazi yako imekuwa kukaa. Usinune. Mimi nami nilikaa na yangu muda wote niliokuwa mke wa baba yenu, nikaitundika sebuleni kwenye fremu, mchwa wakaisoma kabla ya mwajiri yeyote.

Mali nitaimaliza upesi kwa sababu hainishughulishi. Nyumba hii ni yenu watatu, iuzeni au kaeni humo, na mkitaka kugombana gombaneni wenyewe, msimwite shangazi yenu awaamue, kwa kuwa fisi hakabidhiwi bucha. Vyombo achukue Madam, maana ameshaanza kuvichukua; nilisikia kabati likilalamika juzi nikadhani ni panya, kumbe ni panya aliyepaka rangi kucha.

Ninalotaka kusema ni la picha ile iliyo nyuma ya mlango, ambayo mmeigeuzia uso ukutani mkidhani mgonjwa haoni.

Mnakumbuka nilivyoanza. Baba yenu alipofariki nyumba ikawa na ukimya usio na kazi, na siku moja nikifagia nikatoa chini ya kochi kopo la penseli za rangi alizoacha mjukuu, zimetafunwa ncha zote. Nikachukua kalenda ya ukutani nikaanza kunakili. Waridi lenye umande. Maporomoko ya maji. Paka wawili ndani ya kikapu. Nanyi mkashangilia, kwa sababu mtu mzima akifanya jambo la kitoto vizuri watu humsifu kama wanavyomsifu mtoto aliyekwenda msalani peke yake. Mama ana kipaji, Mama ametulia, Mama amepata cha kujishughulisha. Hilo la mwisho ndilo mlilokuwa mkilisema kwa moyo. Madam akawapeleka wale paka kwa meneja wake wa benki, meneja akawatundika choo cha wageni, na Madam akanieleza habari hiyo kama anayenivika nishani.

Ndipo nikajiandikisha kwenye darasa la uchoraji pale ukumbi wa maktaba. Mwalimu alikuwa kijana mwenye ndevu chache na majivuno mengi, aliyezungumza muda mrefu kuhusu nafsi yake na mfupi kuhusu penseli, na katika maneno yake yote nilipata moja tu la kurudi nalo nyumbani. Aliwatazama paka wangu, nilikuwa nimewachora tena, akauliza, "Mama, hawa paka ni wa nani?" Nikamwambia ni wa kwenye kalenda. Akasema, "Basi warudishe kwa mwenyewe."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilirudi nimevimba kama andazi, nikalala na hasira, nikaamka nayo, na ilipokataa kuondoka nikaitafutia kazi.

Kazi ikaja yenyewe, mwaka ulipogeuka tangu baba yenu aondoke, mkakusanyika hapa kumkumbuka. Wifi yangu, huyo shangazi yenu, alikaa kwenye kochi lile akimlilia kaka yake kwa jicho moja, na lingine likihesabu vikombe kabatini. Mlipoondoka wote nikamchora.

Sasa sikilizeni, hili si la wachoraji peke yao. Penseli ya rangi si brashi, haina nguvu ya kufunika kosa. Unapita mwepesi, tabaka juu ya tabaka, chini kijani, juu yake zambarau, kisha ndiyo kahawia, na ngozi inakuja polepole kama mtu anayekaribia kwa miguu. Pa mwanga hupagusi kabisa, unapaachia karatasi, kwa maana ukishakandamiza hakuna cheupe kitakachokurudishia ulichoharibu. Mimi nilizoezwa tangu usichana kusema mambo kwa kuyafunika, mara ndiyo wifi, karibu wifi, hujambo wifi, na uzeeni nikajikuta nimeshika kitu kisichojua kufunika. Nilipomaliza lile jicho la vikombe nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mdomo wangu ulifundishwa adabu, wanangu. Mkono hakuna aliyekumbuka kuufundisha.

Na ninyi? Bosi uliuliza kama shangazi anaumwa, mbona kijani. Madam ukauliza watu watatuonaje, swali ambalo ukizikwa nalo hutahitaji jeneza, litakubeba lenyewe. Ni huyu mvivu peke yake aliyesimama akiwa na shuka begani, akatazama, akasema, "Ni yeye kabisa. Anatisha." Kisha akarudi kulala. Nimesifiwa na wengi baadaye, wengine wana miwani ya bei, lakini sijapata sifa iliyozidi ile.

Maktaba walipotaka kuonyesha picha zangu na za wanafunzi wengine wazee, Bosi ukaona unisaidie. Mwenye nia njema asiyeuliza ni hatari kuliko mwizi, mwizi angalau anajua kitu kina thamani. Ukaibeba picha bila neno hadi dukani kwako, ukaipitisha kwenye mashine ya kulamineti. Penseli ni nta, mwanangu, na nta na moto havijapata kuwa marafiki. Wifi aliingia ana uso akatokea upande wa pili pua imeteleza shavuni, jicho limekuwa dimbwi, na juu yake nailoni inang'aa kama orodha ya vyakula hotelini. Ukaniletea ukitabasamu, ukaniambia sasa hata nikiimwagia chai haidhuriki. Ni kweli. Hata maiti haidhuriki kwa chai.

Nilimchora upya bila kumtazama, na safari hii alitoka mbaya zaidi, yaani kweli zaidi. Akaja kwenye maonyesho amevaa vizuri, amejipulizia manukato, akasimama mbele ya uso wake mwenyewe kwa muda mrefu, akanishika mkono akaninong'oneza, "Wifi, huyu mama ana roho mbaya, tena inaonekana machoni." Nikamjibu kwamba anajua kusoma watu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sina haja ya kumwogopa mtu yeyote tena, kwa kuwa nyani haoni kundule hata ukimchorea.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa ile ya nyuma ya mlango. Ugonjwa uliponilaza humu chumbani mlikuwa mkija kukaa hapo mlipokaa, mkidhani nimelala, mkizungumza mambo yenu, na ubao wangu ulikuwa mto na chombo changu kilikuwa subira. Niliwachora wote watatu. Bosi analipima dirisha kwa macho. Madam kinywa chake kimefungwa kama mkoba wenye zipu. Huyu wa mwisho anatazama mlango kama kwamba kazi itaingia hapo yenyewe na kumwomba radhi kwa kuchelewa. Na jana, Madam, nilikusikia sebuleni ukimwambia kaka yako aipige skani, aiweke kwenye kompyuta, awatie tabasamu, iwe picha ya mbele kwenye karatasi za mazishi, na chini yake mwandike familia yenye upendo. Ili watu wasiseme.

Watu watasema. Ndiyo kazi yao pekee wanayoifanya bila kucheleweshwa mshahara. Lakini uso nilioutafuta umri wote, nikaupata karibu na kaburi, hautapakwa meno na mashine ya Bosi. Nimekaa kimya mbele ya baba yenu, nikakaa kimya mbele ya ndugu zake, na sauti yangu yote iliyobaki imo kwenye karatasi ile. Mkiitia tabasamu mtakuwa mmenizika mara mbili, na mara ya kwanza ndiyo ya dhambi. Picha ile isitiwe tabasamu. Isikatwe, isipigwe na jua, isipite kwenye kitu chochote chenye moto. Aichukue huyu mvivu, aitundike atakapopata ukuta, nanyi wengine mwende kwake mkatazamwe nayo.

Unasema nini, Madam? Sema, usimeze.

Unauliza kama ndivyo ulivyo.

Ndiyo, mwanangu. Ndivyo ulivyo. Na wewe ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wenzako, ngozi yako ilinimalizia zambarau mpaka ikawa kipande nisichoweza kukishika. Nani mwingine amekutazama hivyo? Mumeo? Meneja wa paka? Lia tu. Lia kwa macho yote mawili, utakuwa umemzidi shangazi yako.

Penseli achukue kitinda mimba. Usiniambie huna kipaji, wenye kipaji wamejaa kwenye kalenda. Hasira unayo, subira utaitafuta. Chonga kwa wembe, usichonge kwa mashine, inavunja moyo wa penseli.

Nizikeni kimya. Asisimame mtu kunisifu. Mwenyezi Mungu awape macho, awape na ujasiri wa kuyatumia, awalinde na wenye nia njema, na... ngoja.

Madam. Geuza kichwa kidogo, kwenye mwanga. Hivyo. Kaa hivyo.

Sikio hilo nililipandisha juu mno. Nipeni ile picha... nipeni na kahawia. Si hiyo. Iliyokolea.

Shika mkono wangu uusogeze. Hapana. Hausogei.

Basi. Likae lilivyo. Na ninyi... msiliguse.