Gashe Belachew Kafa Mara Ngapi?

Pale mjini Dessie, kwenye barabara inayopanda kanisani, kuna benchi lililoegemea kibanda cha Bezuneh, fundi saa. Wanaokaa hapo asubuhi hawana haraka hata kidogo, maana saa zote za kibandani zimesimama. Kahawa anachemsha Asnakech, duru tatu, na aliyekunywa ya kwanza haondoki kabla ya ya tatu. Baraka, wanasema, iko kwenye hiyo ya mwisho, ingawa kwa ladha ni maji yaliyopita karibu na kahawa. Siku hiyo Shibeshi alifika kabla ya wote, ukungu haujainuka, tarumbeta kwapani. Ni mpiga mbiu wa chama cha mazishi cha mtaa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mtu akifa, yeye ndiye anayezunguka alfajiri akipuliza na kutaja jina, watu wakaja na hema, na ngano ya kuchemsha, na machozi. Alfajiri hiyo alikuwa na jina, ila hakuwa amepuliza.

Jina lenyewe ndilo lililomkaba. Gashe Belachew, Gashe kwa heshima ya umri, mwalimu mstaafu, alishampulizia miezi miwili nyuma. Mzee alikuwa amekwenda milimani kuoga maji ya baraka, habari zikaja kwamba kafia huko, hema likasimama, watu wakalia mpaka wakapoteza sauti. Siku ya pili marehemu akashuka kwenye lori na dumu lake la maji, akauliza nani kafa. Wakamwambia aketi kwanza, ale. Alikula sahani mbili za matanga yake mwenyewe, na aliposikia jina la marehemu akamtafuta Shibeshi kwa fimbo. Wakubwa wa chama wakasema neno moja tu: ukikosea tena, tarumbeta rudisha.

Sasa mlinzi wa nyumba ya jirani alikuwa amemnong'oneza kwamba kwa Belachew kumesikika kilio usiku, mzee kaondoka. Kwenda kugonga lango na kuuliza, samahani Gashe, safari hii umekufa kweli? Moyo huo Shibeshi hakuwa nao. Akaja benchini kutafuta hakika.

Wa kwanza kumsikiliza alikuwa Tadiwos, karani mstaafu wa mahakama, wanayemwita Ushahidi.

— Huyo mlinzi kamwona maiti?

— Kasikia kilio.

— Kilio si maiti, ndugu yangu. Mkewe, Mama Yeshimebet, analia hata akikata vitunguu.

— Dalili ya mvua ni mawingu, alisema Bezuneh bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiichokoa.

— Mawingu ya Dessie? Yapo mwaka mzima. Mvua unaiona?

Bezuneh akasema basi mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ushahidi akamkumbusha kwamba ya Shibeshi ililia na jambo lenyewe likashuka kwenye lori likidai chakula. Shibeshi akainamisha kichwa. Asnakech alimimina kikombe cha kwanza, akaonyesha juu ya barabara kwa kidevu.

— Nyumba ile pale. Si mwende mkaone?

— Dada yangu, alijibu Ushahidi kwa upole wa mtu aliyesoma, kuona ni kitu kimoja, kujua ni kingine.

Akaeleza kisa cha mahakamani, mashahidi wawili waliogusa Biblia ileile wakaapa juu ya punda mmoja, huyu dume, yule jike. Hakimu akaamuru punda aletwe. Kuletwa, ni nyumbu. Tangu siku ile, alisema, hata jina lake analiandika kwa penseli.

Bezuneh hakutaka kuachwa nyuma.

— Mimi nasema moyo ni mashine. Nimeletewa saa hapa imesimama siku tatu, mwenyewe keshaizika kabatini. Nikaipiga kofi. Imekwenda mwaka mzima. Labda Gashe Belachew anataka kofi tu.

— Nenda kampige wewe, alisema Ushahidi.

— Mimi nasema tungoje. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Basi tungoje, tuone tumbo la nani litauma.

Kikombe cha pili kilikuta mtu mwingine kaongezeka, Mintesnot, muuza tiketi za bahati nasibu, ambaye kwa kazi yake hiyo wanamwita Ndoto. Alisikiliza kidogo, akacheka, akasema wote hawajaliona lililo wazi.

— Mzee aliondoka na uzi mweusi wa ubatizo shingoni. Alirudi na nini?

Walifikiri. Kweli, alirudi na mweupe.

— Kuku mgeni hakosi kamba. Belachew wetu alifia kulekule milimani. Aliyerudi ni mwingine. Kwa hiyo Shibeshi hukukosea, bwana. Na huyu wa leo si mwanachama, hana haki ya tarumbeta.

Shibeshi alijua ni upuuzi. Hata hivyo kitu kililegea kifuani mwake, kwa mara ya kwanza katika miezi miwili, akaona haya kwa jinsi kilivyolegea vizuri.

— Basi hata wewe, Ushahidi alimgeukia, una hakika gani kwamba wewe ni Shibeshi?

— Mke wangu anayo.

Walicheka wote, na Shibeshi akacheka nao. Jua lilikuwa limepanda, saa mbili imepita, na watu ambao wangesikia mbiu walishakwenda sokoni na makazini. Alijiambia atanyanyuka baada ya kikombe cha tatu.

Cha tatu kilikuwa mkononi mwake pale mwanamke mmoja aliposhuka kutoka juu, haraka haraka, shela lake jeupe kaligeuza, pindo la rangi liko shingoni, kama wanavyolivaa waliofiwa. Ndoto alinong'ona kwamba huenda kalivaa vibaya.

— Hamjambo, baba zangu, alisema. Mimi Aynalem, binti wa Gashe Belachew. Nimeingia sasa hivi na gari la Addis.

Hakuna aliyesema pole. Pole ingekuwa kukubali.

— Mazishi ni saa tisa. Tangu usiku mama yuko peke yake na baba, mlango wazi, hajaingia mtu hata mmoja. Miaka arobaini wameishi mtaa huu. Kanituma niulize, baba alimkosea nani?

Ushahidi, aliyeandika majibu ya watu miaka thelathini, alitazama ndani ya kikombe. Bezuneh aliingia kibandani akaanza kufunga parafujo ambayo haikuwa imelegea. Asnakech alijifunika uso kwa shela lake akalia, maana alikuwa ameionyesha nyumba kwa kidevu na miguu yake mwenyewe hakuipeleka. Shibeshi alifungua kinywa. Alitaka kusema hakumkosea mtu, mwanangu, ni mimi niliyeogopa kuchekwa.

Akasimama, akaweka tarumbeta mdomoni, akapuliza palepale barabarani, jua usoni. Alilitaja jina mara tatu kama inavyotakiwa, na mara ya tatu sauti ilimkatika. Malango yakafunguka moja moja, vichwa vikachungulia. Kutoka nyuma ya uzio wa pili mtu akapaza sauti:

— Shibeshi, safari hii una hakika?

Kuna waliocheka. Aynalem alikuwa amesimama pembeni yake, anasikia.