Prosesa Iliyorudi kwa Jamleck Kiragu

Tarehe 30 Septemba 2009, Bwana Jamleck Kiragu atafunga droo ya dawati la waranti, yaani dhamana ya bidhaa, kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na minane katika kampuni yetu ya Tarazo Kompyuta, katikati ya jiji la Nairobi.

Aliajiriwa mwaka 1981 kutengeneza taipureta. Mashine zilipobadilika naye akabadilika. Alisoma jioni, na kufikia 1996 akapewa dawati la waranti. Wateja wa Kilimani walimletea kompyuta kwa gari, wa Kangemi walizibeba begani, na wote walipanga foleni moja. Chai yake ya saa nne haikuwa na sukari, kwa sababu, alisema, sukari huita sisimizi kwenye kibodi.

Mwaka 2001 kiwanda kimoja kiliacha kutengeneza aina fulani ya prosesa, kile kipande kidogo kinachoendesha kompyuta nzima. Waranti za wateja zilikuwa bado hai, hivyo tuliletewa kasha la mwisho la prosesa arobaini, kila moja ndani ya pakiti iliyofungwa huko huko kiwandani. Mteja akileta iliyokufa, Kiragu alimpa nyingine. Ile mbovu aliichora herufi K kwa msumari, akaandika nambari yake daftarini, kisha akaiponda kwa nyundo isije ikarudi sokoni.

Juni 2003 aliponda ya Bi. Shahida, mwenye duka la vitabu karibu na Msikiti wa Jamia. Agosti, Tobias wa Kangemi alirudisha prosesa tuliyompa wiki moja tu kabla.

"Mzee, hii kitu yenu imekufa," alisema. "Na imechorwa K."

Kiragu alifungua daftari. Nambari ilikuwa ile ile ya Bi. Shahida.

Meneja wetu, Bi. Virginia Nzula, aliona maelezo ya aina moja tu: fundi anauza nzima na kurudisha mbovu kwenye pakiti. Alimwandikia barua ya kumtaka ajieleze la sivyo afutwe kazi. Kiragu aliomba jambo moja, kwamba tuivunje prosesa hiyo pamoja.

Tulikusanyika uani saa sita mchana, wafanyakazi kumi na mmoja. Kiragu aliigonga hadi ikasagika. Bi. Nzula alizoa vipande, akavitia ndani ya bahasha, akaipiga lakiri na kuifungia kwenye sefu pamoja na pakiti moja iliyobaki kashani. Ufunguo ulikuwa wake peke yake.

Novemba akaja mteja mwingine. Bi. Nzula alifungua pakiti ile mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliigeuza prosesa, akaketi. K ilikuwepo kwenye kona, na nambari ni ile ile. Tukafungua bahasha. Vipande vyote vilikuwemo.

"Nisamehe, Mzee Kiragu," alisema, akaichana barua. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Tulete nyundo?"

"Hapana, mama. Nimeivunja mara mbili. Nadhani inataka kazi."

Mteja alipewa aina mpya. Ile nyingine Kiragu aliifunga kwenye kompyuta ya dawati lake, na kwa miaka sita haijakwama hata mara moja. Umeme ukipotea mjini, feni yake huendelea kuzunguka kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa. Mafundi tisa aliowafunza hawajawahi kuigusa. Asubuhi yeye huisalimia kwanza, ndipo atusalimie sisi.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani, tulitarajia ataje saa au mbuzi. Aliomba kompyuta hiyo.

"Siwezi kuwaachia," alisema. "Nyinyi hamjaizoea."

Mkewe, Wangui, ameshaiandalia meza nyumbani kwao Dagoretti, mbali na chumba cha kulala.

Asante, Mzee Kiragu, kwa uaminifu uliotuaibisha na uvumilivu uliotufunza. Tunakuombea afya, wajukuu wengi, na usingizi mzito.

Cate Wahome, Mapokezi