Eda Iliisha, Televisheni Haikuisha

Bismillahi. Dada zangu, wengine wenu mmetoka Ukambani, kwa hiyo leo nasema Kiswahili. Mkisikia "bolitiki" badala ya siasa msinicheke, mmenielewa.

Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Mume wangu akafariki, nikakaa eda ndani ya nyumba kama dini inavyotaka. Binti yangu akaniletea televisheni ili nisishinde na mawazo. Alifanya vizuri. Lakini ndugu zangu, nawaambia, eda iliisha, televisheni haikuisha.

Asubuhi ilikuwa siasa, wanaume wenye tai wanabishana nani amemsaliti nani. Jioni tamthilia ya ng'ambo: mke tajiri amenyang'anywa mume, analia na wanja wake hauchuruziki. Mimi nalia naye. Wewe unacheka nini? Unaijua hiyo! Na mume wangu mwenyewe sikuwa nimemlilia, machozi yaligoma. Wateja wangu wakahamia kwa wengine.

Siku moja kaka yangu akaja kutoka kijijini kwetu Hadado. Sisi Wasomali mgeni akishakunywa chai mnaulizana "Warran?", yaani toa habari, na lazima utoe. Yeye akatoa zake: mvua imegusa upande gani, ngamia yupi amezaa, mama yetu mguu unamsumbua lakini bado anaswali amesimama. Kisha akasema, "Haya, na wewe, warran?"

Nikaanza. Mbunge amehama chama. Gavana hasalimiani na seneta. Na yule mwanamke, mtoto aliyemzaa si wa mumewe!

Kaka akashtuka. "Subhanallah! Huyo ni wa ukoo gani?"

"Ni wa televisheni."

Hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Abaayo, dada yangu, nimeuliza habari zako."

Nikazitafuta, wallahi, sikuzipata. Binti yangu akainama kunimiminia chai, nikaona tumbo.

"Una mimba? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Hooyo, mama yangu. Ukasema ningoje matangazo."

Hapo ndipo nililia. Nililia aibu, halafu nikamlilia mume wangu, mpaka chai ikapoa.

Kaka hakuizima televisheni. Alisema tu kwamba kila Ijumaa atapiga simu, nami nimpe habari niliyoiona kwa macho yangu. Sasa habari ya kuona utaipata wapi umekaa ndani? Ikabidi nitoke. Nikaenda sokoni kutafuta habari, nikarudi na kibuyu cha maziwa ya kuuza. Polepole nikawa na wateja.

Nawashukuru kaka yangu, binti yangu, na nyinyi mlionipisha tena kwenye benchi letu la wauza maziwa bila kuniuliza nilikuwa wapi. Siasa bado natazama, kura ni yangu. Ila nasema hivi: ya watu yajue, lakini ya nyumbani kwako usiwe wa mwisho kuyasikia.

Leo ni Ijumaa. Habari ninayo: huyu mjukuu mgongoni ameota jino, nimeligusa kwa kidole.

Haya, wewe abaayo uliye karibu na mlango, umenyamaza tangu tuanze. Warran?