Kimya cha Ndululu katika Daftari la Mwalimu Musembi

Mchungaji, wazee, mama zangu, na nyinyi wanachuo mliosimama huko nyuma, mimi ni Mbula, mtoto wa tatu wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu, na huyu mtoto mgongoni ana kikohozi, kwa hiyo nikikimbia mnivumilie, nikisimama sana nitalia.

Baba yetu, Mwalimu Yeremia Musembi Kilatya, alizaliwa Kabati, upande wa Kitui, mwaka 1893, tarehe hakuna aliyeiandika, nyanya alisema tu mawele yalikuwa yanavunwa. Aliingia shule ya misheni mwaka 1905, akabatizwa siku ya Krismasi 1909, akamwoa mama yetu, Nthenya, tarehe 14 Agosti 1914, wakapata watoto sita, wanne tuko hapa. Mwaka 1917 alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, akarudi mwaka uliofuata amekonda mpaka mama akamwuliza yeye ni nani. Alifundisha shule za vijijini miaka minane, na tarehe 10 Januari 1927 akaitwa kufundisha katika chuo cha walimu cha misheni, hapa karibu na soko la Wote, akabaki hapo mpaka ugonjwa ulipomwondoa.

Wengi mnajua alifundisha, wachache mnajua alichokuwa akichunguza. Alitaka kujua mtu mzima aliyeketi chuoni anajifunzaje, na kwa nini wawili wa benchi moja, mmoja anatoka na somo na mwenzake anatoka na vumbi. Bwana Faki, mwenye duka, alimwekea karatasi za kufungia sukari, baba akazishona daftari, na kila mwanachuo akisema neno darasani, baba anaweka kijiti kimoja cha wino mbele ya jina lake. Mwisho wa mwaka 1932 alihesabu vijiti, akaandika kwamba asiyesema hajifunzi, chuo kikayachukua maandishi hayo, na tarehe 9 Desemba kikamrudisha nyumbani Ndululu wa Emali, ambaye mbele ya jina lake hapakuwa na kijiti hata kimoja.

Hapa ndipo nilipokuwa naogopa, kwa sababu baba aliniagiza nisome hili mbele yenu, na baba zangu wadogo walisema kosa la mtu halisomwi juu ya jeneza lake, lakini mimi niliahidi, basi nasoma.

Mwezi wa Mei 1935 baba alikuwa Emali akingoja treni, akamkuta Ndululu kwenye kivuli cha ghala la stesheni, anafundisha vibarua wa reli kusoma, watu kumi na wanne, wanabishana, wanacheka, na yeye anasema kuliko wote. Baba alimwuliza kwa nini chuoni alikuwa bubu, naye akajibu, "Mwalimu, si uliniketisha nyuma ya mzee Nzomo, baba wa mke wangu, ulitaka nimsahihishe hesabu zake darasani mbele ya watu, halafu likizo nikale kwake?" Baba, Mkamba wa Kabati, aliyeijua nthoni, ile heshima ya mtu kwa wakwe zake, kabla hajajua kusoma, aliketi juu ya gunia mpaka treni ikampita, Ndululu akamnunulia chai. Alikuwa amedhani mtu akiingia darasani anauacha ukoo mlangoni pamoja na fimbo. Alianza utafiti upya, miaka miwili, akiwaketisha wanachuo na rika zao, mkwe mbali na mkwe, na mabubu wakajaza kurasa kwa vijiti. Ukurasa wa kwanza aliandika kosa lake, akakiomba chuo kimrudishe Ndululu, kikakataa mara mbili, akaandika mara ya tatu.

Tarehe 20 Februari mwaka huu, 1938, alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na kila nikiingia swali lake ni moja, barua imekuja? Ilikuja Jumatano iliyopita, Ndululu aanze muhula wa Mei, nikamsomea mara tatu, akaniambia, pole pole Mbula, usinimalizie haraka, na jana Ijumaa, tarehe 18 Machi, saa mbili asubuhi, akalala uso wake umetulia.

Ndululu amefika leo kwa baiskeli. Niliogopa atatuaibisha, nikampa karatasi hii aisome kwanza, akasoma yote, akasema, "Dada, umesahau ile chai," nikaiandika pale mlipoisikia, na ndipo nilipopumua.

Tunamshukuru daktari na madresa wake waliomhudumia hospitalini, majirani mliochota maji, walimu wenzake, na Bwana Faki kwa karatasi zote zile. Baada yangu atasema Ndululu, na tunamshukuru sana mzee Nzomo, ambaye amekubali kwenda kusimama nyuma ya kanisa mpaka mkwe wake amalize. Pumzika kwa amani, Baba, daftari ninalo, namwekea Ndululu kijiti chake cha kwanza.