Mwalimu Yihenew, Aliyekataa Nuru Kuitwa Maada

Ndugu waombolezaji, na wanachama wa chama chetu cha mazishi, anayesimama mbele yenu ni Mulat, shemeji wa marehemu, niliyeishia darasa la sita, lakini fizikia naijua, kwa sababu niliibeba begani.

Mwalimu Yihenew Tarekegn alizaliwa tarehe 4 mwezi wa Hidar mwaka 1946 kwa kalenda yetu ya Kihabeshi, hapa hapa Bichena, akasomea ualimu Debre Markos, akaanza kufundisha sayansi mwaka 1967, akamwoa dada yangu Asnaku tarehe 12 Tir 1970, wakajaliwa mabinti watatu, wote wabishi kama baba yao.

Mwaka 1981 wanafunzi wake thelathini na mmoja walifelishwa mtihani kwa kuandika kwamba nuru si maada, maana karatasi ya majibu kutoka mkoani ilisema ni maada, basi marehemu akaazima mizani ya sonara na chupa mbili tupu za tej, pombe yetu ya asali, tukatembea siku tatu hadi mkoani, mizani nikiwa nayo mimi, na anayesema tulipanda punda ana wivu.

Mbele ya maofisa wa elimu alizipima chupa hizo tupu zilizozibwa, moja akaifunika shuka, nyingine akaiacha inywe jua, mizani isisogee hata unywele. Ofisa mmoja akasema, "Mwalimu, nuru si inajaza nyumba? Basi inachukua nafasi," naye akamjibu, "Ijaze gunia, ndugu yangu, uniletee sokoni Jumamosi," akaeleza kwamba maada ina tungamo na hushika mahali pake, ilhali nuru ni nishati inayosafiri, miale miwili hupishana pale pale bila kugongana, jambo ambalo mbuzi wawili darajani hawaliwezi.

Wakamtaka akiri kosa mbele ya wanafunzi ili abaki kazini, akakataa, wakamwondoa, akaishi kwa kutengeneza mizani za wauza nafaka, na kila mwaka mpya akawatumia barua ya kudai alama za wanafunzi wake, jumla thelathini na tano.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2015, na tarehe 9 Sene 2016 likaja jibu, kwamba karatasi ile ilikosea na alama zimerekebishwa, Asnaku akamsomea, naye akataka majina yote thelathini na moja yasomwe, akayahesabu kwa vidole, lilipokosekana moja akalitaja mwenyewe, likaonekana nyuma ya karatasi, ndipo akakubali kulala, na tarehe 11 akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, walimu wenzake, na majirani mnaoleta mikate ya injera hadi leo.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, mtihani umesahihishwa.