Kipande Kisicho na Mwenyewe

Benchi hili ni langu, na nasema mapema tusije tukagombana. Nililigonga misumari mwenyewe nje ya kibanda changu cha viatu ili wateja wakae wakisubiri soli. Wakakaa, wakanogewa, soli wakazisahau. Mji wetu una shimo moja la shaba na kampuni moja: nyumba za kampuni, maji ya kampuni, hata saa tunasomewa na king'ora cha kampuni. Sheria ya shimo kila mtoto anaijua. Ukishuka unachukua kipande chako cha shaba chenye namba, ukitoka unakitundika ubaoni pale getini. Ubao usipojaa, kuna mtu chini. Basi jana jioni, zamu ya mchana imeshatoka, tulikuwa tunamuaga Mzee Nguzo. Miaka thelathini na mmoja amesimika nguzo za kuzuia paa la shimo, na jana ndiyo ilikuwa zamu yake ya mwisho. Kila mtu alimnunulia kikombe, akafika cha tano macho yamemtoka pima. Muuza kahawa wetu, ambaye wote tunamwita Shemeji, akamwongezea cha sita bure. Hapo king'ora kikalia mara tatu, kifupi kifupi.

Mara tatu maana yake mtu hajatoka. Shemeji akaweka buli chini. Mumewe, Tochi, ndiye kiongozi wa kikosi cha uokoaji, na ndio kwanza alikuwa amefika nyumbani kuvua viatu. Haikupita dakika akatupita mbio, kamba begani.

— Hujala! Shemeji akapiga kelele.

— Nikirudi!

Mara kutoka getini akaja Redio, mpishi wa kantini, anahema utadhani yeye ndiye kaokolewa.

Redio: Jamani! Kipande kimoja hakipo ubaoni. Na la ajabu mnalijua? Kwenye daftari la getini, namba hiyo haina jina!

Mimi: Haina jina vipi?

Redio: Mstari mtupu, fundi. Wanashuka kumtafuta mtu wasiyemjua.

Shemeji: Wanashukia wapi?

Redio: Kote. Mpaka njia za zamani.

Shemeji akamimina kahawa nje ya kikombe, ikaingia kwenye kiatu cha mteja. Siku nyingine ningefoka. Lakini njia za zamani paa lake linadondoka hata bila kukohoa, na sisi sote tulilijua hilo.

Profesa ni dereva wa lori la mawe. Darasani hakukaa sana, ila kushindwa hoja hajawahi.

Profesa: Mbona jambo dogo? Huyo ni mwizi. Kajipa kipande, kashuka kujichimbia shaba yake. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kipande kimejitembeza.

Mimi: Methali hiyo imeingiaje hapo?

Profesa: Fundi, shona viatu.

Redio: Mwizi wapi! Huyo ni mtu wa zamani. Alishuka enzi za babu zetu, jina likafutika, leo ndio anamaliza zamu.

Profesa: Zamu ya miaka sitini?

Redio: Mwenda pole hajikwai! Halafu wamesema aliye juu mngoje chini. Sasa huyu yuko chini. Sisi tumngojee wapi?

Profesa: Mngoje upande wa pili wa dunia! Ndiyo, cheka. Hawa wamechimba mpaka wametoboa. Jamaa katokezea huko, saa hizi amekaa kijiwe cha wenzetu anakunywa kahawa yao.

Redio: Kahawa yao ina sukari?

Profesa: Nimuulize nani, na kipande anacho yeye?

Mzee Nguzo alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu ghafla akaokota kijiti na kuanza kuchora chini kwenye vumbi.

Mzee Nguzo: Mzaha tuache. Wakifika hapa njiapanda, wasiende kulia. Kulia kuna nguzo mbili mbovu, nimeomba zibadilishwe tangu mwezi uliopita. Shemeji, Tochi anajua?

Shemeji: Nitajuaje mimi, baba? Naogopa. Naogopa jamani, na nyie mnapiga soga!

Tukaacha mzaha. Hata Profesa, na hilo mji mzima ungekuja kulitazama.

Hapo akaja binti mmoja anakimbia kutoka getini, daftari kwapani. Ni karani mpya wa ubao, hana hata wiki mjini.

Binti: Shikamooni. Samahani, mimi mgeni, watu bado sijawajua. Nimeambiwa benchi hili linajua kila kitu.

Profesa: Umefika, binti. Uliza.

Binti: Asubuhi ofisini walinipa majina ya wanaostaafu leo, wakasema niyafute. Nikafuta. Nilijua leo hawashuki tena. Sasa roho inaniuma, pengine mmoja wao alishuka. Namba sitini na moja ni ya nani?

Sikumbuki nani aligeuka kwanza. Ninachojua, wote tulikuwa tunamtazama Mzee Nguzo, na Mzee Nguzo alikuwa ameingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Akautoa polepole. Kipande kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwa miaka yote hiyo, namba karibu ifutike.

— Kumbe, akasema.

Shemeji: Mzee! Mume wangu anakutafuta chini ya ardhi, na wewe umekaa hapa unakunywa kahawa yangu ya bure?

Binti: Ulisahau, mzee, au ulikuwa hutaki kukirudisha?

Redio akainamia viatu vyake. Mimi nilikuwa na msumari mkononi na sikujua niupige wapi. Mzee Nguzo alikitazama kile kipande, na nakwambia nilimwonea huruma sana.

Mzee Nguzo: Miaka thelathini na mmoja sijasahau hata siku moja. Leo sijui, mwanangu. Kweli tena, sijui.

Shemeji: Utajua mbele ya safari. Inuka!

Akamshika mkono kama mtoto mtoro, wakapanda kilima watatu, binti mbele. Baada ya muda king'ora kikalia mlio mmoja mrefu: ubao umejaa.

Redio: Mimi tangu mwanzo nilijua.

Mimi: Redio, nitakupiga na kiatu.

Mzee Nguzo alirudi peke yake, akakaa pembeni kabisa ya benchi, mkono unapapasa mfuko mtupu. Nusu saa baadaye Tochi akateremka, vumbi mpaka kwenye kope. Shemeji alikuwa naye, anamkung'uta kwa kitambaa huku anamgombeza, na kila akimgombeza anamshika tena kuhakikisha yuko.

Tochi: Tumefika mpaka mwisho wa njia za zamani. Tumeita mpaka sauti imekauka. Na jina la kuita hatuna, ikabidi tuite tu, ndugu! Ndugu! Hebu niambieni, alikuwa nani huyo? Mke wangu kagoma kumtaja, kasema niulize benchi.

Mzee Nguzo akasimama, akavua kofia.

Mzee Nguzo: Ni mimi, mwanangu. Nisamehe. Mliniita kweli?

Tochi: Saa nzima.

Wakatazamana. Nilidhani Tochi atamtukana, na angekuwa na haki. Lakini mabega yalianza kumtikisika, kumbe anacheka, anacheka na machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso.

Tochi: Kumbe ndugu mwenyewe ni wewe. Sogea basi, mzee, nikae.