Kamba ya Mualimu Célestin

Kwa Mathilde, muuza kahawa wa Kasongo enzi za Wabelgiji, kulikuwa na ubao uliolazwa juu ya matofali, na waliokaa hapo walikuwa na majibu mengi kuliko maswali. Asubuhi hiyo alikaa hapo Mualimu Célestin, saa za masomo! Darasani hamkuwa na mtoto hata mmoja. Juma lililopita aliwatoa nje na kamba na vigingi, wapime uwanja, wajue hesabu kwa mikono yao. Wazazi wakaona. Na nani asiyejua? Agronomu, bwana shamba wa serikali, akishavuta kamba juu ya ardhi, ujue pamba utalima, upende usipende. Kesho yake wakaficha watoto. Leo Célestin alipiga ngoma ya masomo, akasimama mlangoni, akajibiwa na jogoo.

— Akili hiyo uliitoa wapi? aliuliza Alimasi, aliyeitwa Jaji kwa kuwa alishashitakiwa sana.

— Kwa muzee mumoja wa Amerika, mutu wa falsafa. Padri alinisomea habari yake. Alisema mutoto anajifunza kwa kutenda. Mu nyumba yake ya masomo batoto balipika, balifuma, balipiga randa.

— Balipika? Basi hakuwa na bibi!

— Alikuwa naye. Njo yeye huyo bibi alisimamia masomo.

— Unaona? Alichoka jikoni!

Bulaimu Bateau, mpishi wa meli aliyefukuzwa kwa kuunguza wali wa kapiteni, akakohoa.

— Mimi nilifika mpaka Matadi. Amerika iko nyuma yake kidogo. Kule mutu akikosa bapagazi, anafungua masomo.

— Kamba hukatikia pabovu, Jaji akahukumu, na kama kawaida hakuna aliyejua kwa nini.

Célestin alicheka nao. Kicheko kilimtoka kikamwacha palepale.

— Na huyo muzee, Mathilde akauliza akimmiminia, bazazi balimukimbia?

— Padri hakufika kwa ukurasa huo, mama.

Mwanamke mmoja, Cécilia, aliyetoka Kabambare na kikapu cha mchele, alikuwa akingoja kikombe.

— Samahani, baba mualimu. Hao bazazi, ulibapatia kamba bashike?

Bateau akasogea ubaoni, akampisha mwanamke akae.

Célestin akazikumbuka nyumba zote za wazazi alizozipita akija hapo, mlango baada ya mlango. Hakupiga hodi hata kwenye mlango mmoja.